Sonara amezikataa lulu zangu, nimwambie nini mume wangu?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kwa miaka 6 nimekuwa nikikusanya mapambo ya lulu za pinki za maji baridi, yaani zisizo za baharini: vidani, hereni na bangili, jumla vipande 11. Vingi naletewa na dada mmoja anayefuata mzigo Guangzhou. Mume wangu akiniuliza, namjibu kwamba hii ni akiba yetu kama dhahabu, siku ya shida tutauza. Sasa nyumba imefika kwenye kupaua na fedha ya mabati haijatimia, kaniambia niuze. Nikazipeleka kwa sonara. Akapima kifungio cha dhahabu cha kidani kimoja tu, vingine vyote akanirudishia. Je, nimetapeliwa? Nyumbani nimesema sonara kasafiri. Wiki ya pili hii sipati usingizi.
Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama hapo penye “sonara kasafiri”. Tutafika. Kwanza nikutoe hofu ya utapeli, maana inakuzuia kufikiri.

Sonara kukataa lulu zako si ushahidi kwamba ni bandia. Yeye anaishi kwa mizani. Dhahabu ikimfikia anaipima, anaiyeyusha, kesho ni pete ya mtu mwingine. Lulu haiyeyushwi. Thamani yake iko kwenye mng'ao, umbo, ukubwa na jinsi punje zinavyolingana, na zaidi ya yote iko kwa mtu anayeitaka. Sonara asiye na mteja wa lulu hana bei ya kukupa.

Halafu kuna suala la wingi. Lulu za maji baridi zinazouzwa leo karibu zote zinatoka China, na soko lake kubwa liko Zhuji, mkoa wa Zhejiang. Huko kome, viumbe wa majini wenye makombe mawili, hufugwa kwenye mabwawa. Mfugaji hupachika vipande vidogo vya nyama ya kome mmoja ndani ya mwingine, naye huvizungushia tabaka baada ya tabaka kwa miaka kadhaa. Kome mmoja huweza kutoa lulu zaidi ya 20 kwa mpigo. Ndiyo maana mama wa mshahara wa kawaida kama wewe umeweza kukusanya vipande 11, na ndiyo maana hiyo hiyo hazishiki bei kama dhahabu. Ni lulu za kweli, na nyingi ni lulu tupu hadi kiini, kwa sababu hakuna ushanga uliotiwa katikati. Ila akiba hazikuwa, mwanangu, hata siku moja.

Ukitaka kujua ulichonacho, kaa dirishani asubuhi na kidani kimoja mkononi, sogeza fundo la uzi kidogo, utazame mdomo wa tundu. Lulu iliyotiwa rangi huwa na pinki iliyokolea hapo tunduni na kwenye nyufa, kama wanja uliojikusanya pembeni mwa jicho. Ya bandia utaona ngozi imebanduka, chini yake kioo au plastiki. Pinki ya asili ni ya upole, na punje hazifanani kabisa: moja inaelekea rangi ya pichi, jirani yake ina uzambarau kwa mbali. Kidani ambacho punje zote zina pinki moja kali, kitilie shaka. Sugua pia punje mbili polepole: za kweli zinakwaruza kidogo kama mchanga laini. Usijaribu kwa siki wala ndimu, asidi inazila.

Sasa mumeo. Huyu bwana ameitegemea ahadi yako, na pengine amehesabu mabati kwa kuitegemea. Mwanzo naamini hukujua. Lakini dada wa mzigo hakuwahi kukuambia kwamba atazinunua tena, nawe hukuwahi kumuuliza, kwa kuwa ulizipenda na ulitaka kuendelea. Kuzipenda si kosa. Kosa ni kuliita pendo lako akiba ili lisihojiwe, na huyo sonara uliyemsafirisha ni uongo wa pili unaoulinda wa kwanza.

Mwambie wiki hii, kabla hajapita mwenyewe dukani akamkuta sonara yupo. Msubiri watoto walale, toa vipande vyote 11 uvipange kitandani, kisha useme bila kuzunguka: “Baba watoto, nilikuambia hizi ni akiba. Sikuwa na hakika, nikasema tu. Sonara hakusafiri, amezikataa.” Taja na jumla ya fedha uliyotumia, yote. Akikasirika, mwache akasirike. Usimkatize kwa kulia wala kwa kumlaumu dada wa mzigo. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha marehemu mume wangu deni la vitenge, na kilichomuuma zaidi ni ile miezi niliyomwangalia usoni nikanyamaza.

Baada ya hapo, usinunue hata hereni moja mpaka nyumba iezekwe. Ahadi hiyo itoe wewe, usingoje kuombwa. Vipande vya kuuza wapelekee wanaovaa lulu: wapambaji wa maharusi, akina mama wa vikundi vyenu, wanaotafuta zawadi ya kumtunza mwali. Waambie wazi kipi kina rangi ya asili na kipi kimetiwa. Hutarudisha ulichotoa, na mabati hayatatimia kwa hizo peke yake, ila utakuwa umetia mkono.

Kabla ya kuuza, zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo uzianike kivulini. Vidani ambavyo uzi umelegea, vitungishe upya kwa uzi wa hariri, fundo baada ya kila punje, uzi ukikatika ipotee moja tu. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, na marashi jipulizie kwanza, lulu zivaliwe mwisho.

Zile ulizoanza nazo, pea yako ya kwanza, usiuze. Mwonyeshe mumeo na hizo, umweleze ulichokiona siku ile ulipozinunua. Miaka 6 hajawahi kukisikia.