Fundi wa Mtandao: jina la sera, nakala ya sera

Barua za wiki hii zimekuja na mada moja, fayawoli, kana kwamba waandishi walikutana Mkunguni, hapa Lamu, wakakubaliana. Kwa msomaji mgeni: fayawoli ni bawabu wa mtandao. Ameshika orodha ya amri za nani apite na nani azuiwe, na kila amri huitwa sera.

Ami, shikamoo. Nina nyumba ya wageni Shela. Kijana aliyenifungia mtandao ameondoka akaniachia sera zinazoitwa "Test", "Test 2" na "Mpya". Nikizibadili majina mchana, wageni watakatika?

Marahaba. Hawatakatika. Bawabu hasomi jina. Anatazama mtu anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa mlango gani. Kwenye pfSense na MikroTik, ambazo ni aina za fayawoli, hata jina lenyewe hakuna, kuna sehemu ya maelezo tu. Kwenye pfSense ukishahifadhi usisahau kubonyeza Apply Changes, maana bila hiyo mabadiliko hayajaanza kazi. Tahadhari moja: kumbukumbu za zamani zilizoandikwa kwa jina "Mpya" zitabaki na jina hilo, kwa hiyo andika mahali kwamba "Mpya" sasa ndiyo "Wageni-Intaneti".

Fundi, nina saiba Langoni. Nilikuwa na sera ya kuruhusu kompyuta zote za wateja. Nikainakili, nikaigeuza iwe ya kuzuia kompyuta namba 6, ambayo watoto wanashinda nayo kwa michezo. Nimehifadhi, na michezo inaendelea vilevile. Natumia pfSense.

Nakala imeketi chini ya mama yake. Fayawoli yako inasoma orodha kutoka juu kwenda chini, na sera ya kwanza inayolingana ndiyo inayotoa hukumu. Namba 6 ikifika, inakutana na ile sera ya juu isemayo "wote wapite", nayo inapita. Sera yako ya kuzuia haijawahi hata kuulizwa.

Thibitisha mwenyewe. Kwenye orodha ya sera kuna safu ya States, yaani miunganisho iliyo wazi, yenye tarakimu. Mkalishe mtoto pale acheze, kisha uufungue ukurasa upya. Tarakimu za sera ya juu zitapanda, za kwako zitabaki sifuri. Basi ikokote sera yako uipandishe juu ya ile ya ruhusa, uhifadhi, ubonyeze Apply.

Hapo huenda mchezo ukaendelea bado, nawe ukadhani mimi ni mwongo. Muunganisho uliokwisha kufunguliwa haukatwi na sera mpya. Nenda Diagnostics, kisha States, utafute anwani ya namba 6 na uifute. Na hakikisha kompyuta hiyo imepewa anwani isiyobadilika, la sivyo kesho ruta itaigawia nyingine, na utakayemfungia ni mteja anayejaza fomu za serikali.

Mwalimu wa kompyuta, Mokowe: Tumeongeza chumba cha pili. Ninakili sera za chumba cha kwanza au nianze upya?

Nakili, mwalimu, lakini ujue nakala hubeba kila kitu: chanzo (mtu anakotoka), mwisho (anakokwenda), huduma (mlango anaopitia), ratiba ya saa, mpaka lile kosa ulilolisahau mwaka jana. Nina kovu langu hapa. Katika nyumba moja ya wageni nilinakili sera ya wafanyakazi, iliyowaruhusu kufika kwenye rekoda ya kamera. Nikaipa jina "Wageni-Intaneti" kabla ya jambo lingine lolote, nikabadilisha chanzo, na kabla sijagusa mwisho nikaitwa chai. Niliporudi niliona jina zuri, nikaridhika, nikafunga. Asubuhi moja mgeni, mahamri mkononi, akamwuliza mwenyeji mbona amejiona kwenye simu akishuka ngazi.

Tangu hapo jina nalibadilisha mwisho. Nakala ikizaliwa naizima kwanza, narekebisha chanzo, mwisho na huduma, naipa jina, ndipo naiwasha. Ikibaki inaitwa "nakala ya" fulani, najua kazi haijakwisha.

Nikijifungia nje ya fayawoli yangu mwenyewe je?

Kwanza pakua faili la akiba la mipangilio kabla ya kugusa chochote. Wenye MikroTik wana Safe Mode ndani ya WinBox, programu ya kuisimamia ruta hiyo: iwashe, na muunganisho wako ukikatika ghafla, mabadiliko uliyofanya yanajirudisha yenyewe. Mimi siku moja sikuiwasha, nikiwa bara na ruta iko kisiwani. Nililipa boti kwenda kubonyeza kitufe kimoja.

Nataka kuandika majina kwa Kiswahili. Fayawoli yangu ya FortiGate imekataa "Kamera-Ng'ambo". Ina chuki?

Haina. Ni ile alama ya ng'; FortiGate haipokei alama hiyo kwenye majina, wala mabano. Jina la sera pia lisizidi herufi 35. Andika "Kamera-Ngambo", Waamu watakuelewa.