Wakiitikia "ndiyooo", usifute ubao

Mwalimu mwenzangu unayekuja kuripoti Kigoma, karibu. Andalio la somo ulishafundishwa chuoni, huko sina la kuongeza. Nataka nikuonye juu ya neno moja lililonidanganya karibu miaka miwili.

Nilianzia shule ya kijijini upande wa Kasulu, darasa la tatu, watoto themanini na kitu. Nikimaliza mfano nageuka: "Tumeelewana?" Darasa zima: "Ndiyooo mwalimu!" Nafuta ubao, roho kwatu. Jioni nasahihisha madaftari, nakuta 52 kutoa 17 ni 45. Tena si daftari moja, ni rundo.

Nikawaita wavivu. Hadi siku moja nilipomwita binti mmoja mezani nikamwambia anieleze alivyofanya. Akasema kwa sauti ya chini: mwalimu, ulisema mbili haitoshi, tukope kwa jirani. Sasa huyo jirani tutamlipa lini?

Mama yake alikuwa akiuza dagaa gengeni. Kwao deni halikuwa neno la hesabu. Akaona heri atoe mbili kwenye saba, yaishe, asidaiwe na mtu. Nilicheka, halafu nikaona haya. Kesho yake nikaja na vijiti, mafungu matano ya kumi kumi na viwili vya pembeni, nikasema nipeni saba. Wakafungua fungu wenyewe. Hakuna aliyekopa.

Tangu hapo "mmeelewa?" nimeiacha. Namwambia mtoto amweleze wa pembeni yake, nami napita kati ya madawati nikitega sikio. Kelele zitakuwepo, zivumilie. Utasikia Kiha kingi pia, maana wengi ndicho wanachoongea nyumbani (watoto wa Ujiji ni habari nyingine, Kiswahili watakusahihisha wewe). Jifunze japo "mwakeye" ya asubuhi. Mimi niliitamka vibaya wakaangua kicheko, na siku ile mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kuliko kawaida. Na anayeangalia chini unapomsemesha usimwite jeuri. Kwa wengi hiyo ndiyo adabu mbele ya mkubwa.

Ukipangiwa sekondari mzigo unaongezeka: kidato cha kwanza wanatoka kusoma kwa Kiswahili, ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza. Huko "yes, sir" ni ndugu wa damu wa "ndiyooo".

Baadaye nilihamia shule ya mwambao wa ziwa. Wavulana wa nyuma wakawa wanasinzia, mimi napandisha sauti, napiga ubao kwa kiganja. Mzee mmoja ofisini kwetu akaniuliza taratibu, "Jana usiku mwezi ulikuwaje, mwalimu?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Siku za giza vijana wangu walikuwa wameamka alfajiri kubeba na kuanika, ndipo waje darasani. Nimewafokea wiki ngapi bila kuwauliza wamelala saa ngapi!

Nikapanga mada ngumu ziangukie siku za mbalamwezi, za giza nikaziachia marudio na kazi za vikundi. Kwenye azimio langu la kazi, ule mpangilio wa mada juma kwa juma, nachora kimwezi kwa penseli pembeni ya kila juma. Mthibiti ubora mmoja, mkaguzi wa shule, alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama mimi ni mvuvi.