Rekodi ya Duke Nukem ilishapitwa

Kuna anayesema gemu kubwa ya video iliyokaa jikoni (ikitengenezwa) muda mrefu zaidi ni Duke Nukem Forever. Hapana, siyo hiyo tena, ni Beyond Good and Evil 2 ya kampuni ya Ubisoft, ilionyeshwa 2008 mpaka leo bado haijatoka na mkuu wa mradi Michel Ancel alishasepa 2020. Duke ilitangazwa 1997 ikatoka 2011, nimeifuatilia tangu enzi hizo, shida ilikuwa bosi George Broussard kila akiona teknolojia mpya anaitaka, walianza na injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Quake II, mwaka uliofuata wakahamia injini ya Unreal, kazi ikaanza karibu upya, 2009 hela ikakata timu ikarudishwa nyumbani, kampuni nyingine, Gearbox, ndo wakamalizia. Ila hiyo ya Ubisoft katikati ilipoa miaka kibao, trela mpya ilikuja 2017.