Fundi Aliyechora Sauti

SWALI: Mhariri, ninasomea ufundi wa sauti, na darasani husikia majina ya wanaume tu. Je, hakuna mwanamke aliyetangulia?

JIBU: Wapo, na walimu wenu wangefanya vyema kuwataja. Daphne Oram wa Uingereza aliajiriwa na BBC mwaka 1943 kama fundi mdogo wa studio, na mwaka 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya shirika hilo ya sauti za kielektroniki, Radiophonic Workshop, ambayo aliiacha mwaka uliofuata ili afungue studio yake mwenyewe huko Kent. Huko aliunda mtambo wa Oramics: alichora alama kwa mkono juu ya mikanda ya filamu ya milimita 35, na mwanga ulipopita, vihisi viligeuza vivuli vya wino kuwa mkondo wa umeme ulioongoza wembamba, uzito na nguvu ya sauti.