Kosa la kitambaa

Swali la juma lililopita liliuliza kama pombe kweli ndiyo inayoua barabarani, au ni kisingizio kinachotumika kufunika ubovu wa barabara, uchakavu wa magari na uzembe wa wakaguzi. Nimefundisha udereva kwa miaka kumi na saba, na naona swali limewatenganisha ndugu wa tumbo moja. Shimo lile lile ambalo dereva mwenye akili timamu hulikwepa usiku, aliyekunywa huliona akiwa ameshalifikia. Na tairi lililolika, ambalo lingevumilia kona kwa mwendo wa wastani, huteleza kwa mwendo ambao kileo ndicho kilichoushauri. Pombe haihitaji kuwa sababu pekee ili iue. Huondoa ile nafasi ndogo ya kujiokoa ambayo sababu nyingine zote zilikuwa bado zimeibakiza.

Nafasi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Dereva akichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu, gari litakuwa limekula mita 12 na nusu kabla halijaanza kupunguza mwendo, na pale ambapo dereva asiyechelewa angekuwa amesimama kabisa, huyu wa pili, hata breki zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, bado anakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Mwendo huo unatosha kumuua anayevuka kwa miguu.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Asubuhi moja mwanafunzi wangu alifika saa moja kamili kwa somo la breki, shati limenyooka, salamu ziko mahali pake, hatua haziyumbi. Zoezi lilikuwa jepesi: aendeshe kilomita 40 kwa saa katika uwanja mtupu, nami nikiinua kitambaa chekundu asimame. Siku iliyotangulia alikuwa akisimama kabla ya koni na nafasi inabaki. Siku hiyo aliiangusha mara tatu mfululizo, na kila mara alishuka kunieleza kwamba nimechelewa kuinua kitambaa. Nilipomsogelea nikasikia harufu. Alikiri kwamba alikunywa usiku, lakini alikuwa ameshalala, ameoga na kunywa kahawa, kwa hiyo kwake hesabu ilikuwa imefungwa. Koni iliyolala chini haikunitisha kama ule uhakika aliokuwa nao kwamba kosa ni la kitambaa.

Hesabu yake haikuwa imefungwa. Ini huondoa kileo kwa mwendo wake lenyewe, wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na halisikilizi kahawa wala maji ya baridi. Aliyeweka glasi chini saa sita usiku akiwa na miligramu 150, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 60 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha juu kwa madereva kiwe 50, na 20 kwa wale wageni wa usukani. Anayezimua asubuhi ndiye simtaji kabisa. Upande wa pili yuko yule anayemaliza glasi ya mwisho na kuingia garini papo hapo: kileo huendelea kupanda katika damu kwa nusu saa, saa moja au hata zaidi, hivyo anajisikia vizuri anapowasha injini na ulevi unamkuta njiani.

Wapo watakaosema kwamba kukutwa kwa pombe katika damu ya dereva aliyekufa hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyomuua, kwa kuwa wanywaji wengi hufika salama. Hoja hiyo ni ya haki, na ilishughulikiwa zamani. Mwaka 1962 na 1963, katika mji wa Grand Rapids nchini Marekani, Robert Borkenstein, aliyebuni kifaa cha kupima pumzi mwaka 1954, pamoja na wenzake waliwapima madereva waliopata ajali, kisha wakawasimamisha na kuwapima wengine wasiopata ajali, katika sehemu za aina ile ile na saa zile zile. Hatari ilionekana ikipanda kadiri kileo kilivyozidi, na kupaa vibaya baada ya miligramu 80. Upo mkunjo mmoja katika takwimu hizo unaopendwa sana na wanywaji: waliokuwa na kileo kidogo sana walionekana kuwa salama kidogo kuliko wasiokunywa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba makundi hayo hayakulingana kwa mazoea ya kunywa, na mtu akilinganishwa na mwenye mazoea kama yake, faida hiyo hutoweka.

Katika ajali za kukwaruzana rangi pombe haionekani sana. Huonekana zaidi katika zile zinazoua, kwa sababu aliyelewa hukanyaga mafuta zaidi, huendesha zaidi usiku, na husahau mkanda. Huko Marekani, katika kila vifo kumi vya barabarani, takriban vitatu hutokana na ajali iliyomhusisha dereva mwenye miligramu 80 au zaidi. Humo hawamo waenda kwa miguu waliolewa wao wenyewe, na hao nao si haba.

Ndiyo maana matangazo yanayomwambia dereva ajipime mwenyewe hayanishawishi, maana chombo anachoambiwa akitumie ndicho kilichoharibika kwanza. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza Desemba 1982 kuwasimamisha madereva na kuwapima bila kungoja dalili zozote za ulevi, na vifo vilipungua mara moja. Barabara hazikuwa zimejengwa upya mwezi huo.

Mwanafunzi wangu nilimnyang'anya ufunguo, akaenda nyumbani kwa miguu amenuna. Kesho yake alisimama kabla ya koni mara zote tatu. Hata hivyo hadi leo tukikutana anashikilia kwamba siku ile kitambaa kilichelewa.