Jibu: Treni usiku kucha, giza tupu dirishani. Raha iko wapi?

Salaam ndugu. Nimekuelewa: ulipanda Korogwe usiku kwenda Moshi, ukitarajia kutuliza akili, ukaishia kuchezea simu.

Kwanza, ulikaa upande gani? Ukielekea Moshi, safu za milima ya Usambara na baadaye Pare ziko kulia. Gizani hutaziona, ila kukipambazuka utajua kwa nini nakwambia.

Mimi ni wa Tanga mjini, huifuata treni Korogwe kwa basi. Safari ya kwanza nilijuta kama wewe. Siku hizi simu naizima nikishakaa tu. Saa ya kwanza ni mbaya, sikufichi: madeni, maneno ya shemeji, yote yanakuja. Yaache yaje. Kioo chenyewe kinakuonyesha uso wako, na magurudumu hayana haraka. Mahali fulani kabla ya Same nakuta nimeshaamua jambo lililonikalia mwezi mzima.

Beba chai na maandazi. Na kama una miadi asubuhi, panda basi. Reli hii ilianza kujengwa Tanga 1893, ikachukua karibu miaka 20 kufika Moshi.