Kwa laki sita, angalia kioo kwanza

Dada, umeuliza ununue laptop gani ya mtumba. Kama una laki sita na mashine ni ya muziki na filamu tu, usihangaike na prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i7 wala kadi ya picha ya ziada. Core i5 ya kizazi cha 8 inakutosha, na kwa prosesa za kampuni ya Intel, kizazi hicho ndicho kinachoanza kukubalika rasmi na Windows 11. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia mafaili) 256GB, basi.

Hela yako iende kwenye kioo. Mashine nyingi za mtumba kutoka maofisini zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Wewe tafuta 1920 kwa 1080, tena cha IPS, aina ya kioo ambacho rangi hazigeuki ukitazama kutoka pembeni. Ukiwa dukani Mwanjelwa, Mbeya, fungua filamu yenye tukio la usiku, lalisha kioo nyuma kidogo, kisha usogee pembeni. Sura zikififia au rangi zikigeuka, iache. Umesema mnatazama na watoto, sasa wa pembeni ataona nini?

Spika nyingi ziko chini ya mashine, kwa hiyo ukiiweka juu ya blanketi (na baridi ya Mbeya ya Juni naijua!) sauti inazibwa na feni inakosa hewa. Tumia sinia. Nenda na earphone zako pia, uzichomeke na kuzungusha plagi taratibu; sauti ikikwaruza, tundu limechoka.

Mwisho betri: chomoa chaja, filamu icheze nusu saa hapohapo. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.